Mieleka ya Ulaya ya kale: kipi kimo kitabuni, kipi tumeazima?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa judo, nafundisha vijana hapa Tanga. Mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha video ya Wazungu wanaosema wanapigana mieleka ya Ujerumani na Italia ya miaka 600 iliyopita, waliyoifufua kutoka vitabuni. Mbinu nyingi nilizoziona nazijua tangu siku nyingi. Nauliza kwa nia njema: mtu atajifunzaje mieleka kwa mwalimu aliyekufa zamani hivyo? Au ni judo iliyovishwa nguo za kale? Na kama ina ukweli wowote, mimi na vijana wangu tuijaribu vipi?

JIBU: Mwalimu, inawezekana kabisa kwamba sehemu ya ulichokiona kwenye video ile ilikuwa judo. Hilo ndilo tatizo kubwa la kazi hii ninayoipenda, na kila anayeifanya kwa uaminifu analijua. Kitabu cha mieleka kikinyamaza, mwili haunyamazi. Unaziba pengo kwa ulichokizoea: aliyetoka kwenye judo anaziba kwa judo, aliyetoka kwenye mieleka ya Olimpiki anaziba kwa ya Olimpiki. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayesema amefufua mieleka ya kale, muulize kipi amekikuta kitabuni na kipi ameazima. Akiweza kukutenganishia hivyo viwili, mbinu kwa mbinu, huyo msikilize.

Hata hivyo usifike mahali ukasema yote ni uzushi. Vitabu vipo, tena vingi, na vinasema mambo ambayo judo haiyasemi.

Cha kale zaidi ninachokifahamu ni kipande cha karatasi ya mafunjo cha karne ya 2, kilichofukuliwa Oxyrhynchus nchini Misri na ambacho sasa kiko Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kimeandikwa kwa Kigiriki, na unaposoma unasikia sauti ya mwalimu akiwaamrisha vijana wawili kwa zamu: wewe mshike hivi, wewe mgeukie hivi, haya, shikaneni. Ni mistari michache tu, huwezi kujenga juu yake mchezo mzima. Baada ya hapo kuna kimya kirefu mno, mpaka tunafika Italia na Ujerumani za karne ya 15, na hapo ndipo penye mavuno.

Italia kuna Fiore dei Liberi, mtu wa Friuli, kaskazini-mashariki. Karibu mwaka 1410 alikamilisha kitabu cha mapigano alichomtunukia Niccolò III d'Este, mtawala wa Ferrara. Zinajulikana nakala nne: moja iko Los Angeles, moja New York, moja Paris, na moja iko mikononi mwa watu binafsi. Upande wa Wajerumani kuna bwana Ott, Myahudi aliyebatizwa, ambaye maandishi yanamtaja kuwa mwalimu wa mieleka wa watawala wa Austria. Mafundisho yake yamenakiliwa katika miswada kadhaa. Mmojawapo ni wa mwaka 1452 na uko Roma. Kisha mashine za uchapaji zikaanza kazi. Mwaka 1539, mjini Wittenberg, kikatoka kitabu cha Fabian von Auerswald chenye mbinu 85, na mwaka 1674 Amsterdam ikatoa cha Nicolaes Petter.

Sasa tazama Fiore alivyosema kuhusu sababu ya kuandika. Anasema sanaa hii ni ndefu, na hakuna mtu duniani mwenye kumbukumbu ya kuishika hata robo yake bila vitabu. Hakudai kwamba kitabu kitamfundisha asiyejua. Alikuwa anamwandikia mtu atakayekumbushwa. Mambo ambayo kila kijana wa Friuli aliyajua kwa kucheza mieleka uwanjani tangu utotoni, yeye hakuona haja ya kuyapotezea wino: unasimamaje, unamkaribiaje mwenzio, miguu inatembeaje. Ni kama mtu aandike kirumbizi cha pwani yetu kwa kuchora fimbo na mikono tu, akaacha ngoma. Aliyekulia kwenye ngoma ile ataelewa. Atakayeokota daftari hilo baada ya miaka 600 atakuwa na fimbo zilizoganda hewani.

Nikuonyeshe jambo hili kwa mfano mmoja. Katika sehemu ya mieleka, ambayo kwake inatangulia silaha zote, mchezo wa kwanza wa Fiore unaelezwa kwa maneno machache: shika mkono wa mpinzani kwenye mkunjo wake, mkono wako wa pili uweke karibu na kiwiko chake, kisha haraka ingia kwenye mshiko unaofuata na ugeuze mwili. Ukifanya hivyo, anasema, ama ataanguka chini ama mkono wake utateguka. Basi. Pembeni kuna picha ya watu wawili.

Wewe kama mwalimu tayari unayo maswali. Mguu upi unatangulia? Nageuka kwa kumsogelea au kwa kurudi nyuma? Mkono wake mwingine, ambao uko huru, unafanya nini wakati wote huo? Kitabu hakisemi. Ukijaribu ukiwa umepanda miguu mahali pamoja, hakuna kinachotokea. Mwenzio anakunja kiwiko tu na mnabaki mnasukumana. Ukigeuka kwa mikono bila kiuno, ni vilevile. Lakini ukirudisha nyuma mguu wa upande ule wa mkono uliouteka, ukazungusha kiuno na kushusha uzito papo hapo, kiwiko chake kinanyooka kabla hajajua, na kifua chake kinafuata kiwiko kuelekea chini. Hapo sasa yale maneno "ama ataanguka, ama mkono utateguka" yanageuka kuwa maelezo kamili ya kinachotokea: akikubali kwenda, anakwenda chini, akikaza, kiwiko ndicho kinacholipa. Fiore alikuwa anataja njia mbili ambazo mpinzani anaweza kuchagua, na hakuna ya tatu.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kazi nzima. Mbinu kufanya kazi si ushahidi. Mbinu nyingi hufanya kazi, zikiwemo zako za judo ukizipachika pale. Tunachotafuta ni mbinu inayokubaliana na maneno, inayopita kwenye umbo la picha bila kulilazimisha, na inayoishia pale kitabu kinaposema itaishia. Kuna kipimo kingine kikali zaidi. Vitabu hivi, baada ya kutoa mbinu, mara nyingi hutoa na namna ya kuipangua. Fiore ana alama zake: bwana mwenye dawa ya shambulio amechorwa na taji, wanafunzi wanaomfuata wana ukanda wa dhahabu chini ya goti, na anayekuja kuivunja dawa hiyo ana taji na ukanda pamoja. Basi mwache mwenzio ajaribu kukupangua kama ilivyoandikwa. Ikiwa upanguaji wa kitabuni hauingii kabisa, ujue huenda mbinu uliyoifanya siyo ile aliyoiandika, hata kama ilimpiga mtu mwereka safi. Tumetupa tafsiri nzuri nyingi kwa kipimo hicho, na nakushauri uanze nacho mapema, kabla hujaipenda mno tafsiri yako.

Kuhusu kufanana na judo, hilo lisikutie shaka. Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alianzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, na Auerswald alikuwa amechapisha mtupo wa nyonga zaidi ya miaka 340 kabla yake. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Binadamu ana nyonga mbili, magoti mawili, na uzito unaoangukia upande usio na mguu. Watu wa kila bara wanaoshikana kwa muda mrefu watagundua mtama na watagundua nyonga. Ninachokuomba ni kwamba usitazame mbinu yenyewe peke yake. Tazama mavazi, ardhi, na namna pambano linavyokwisha, maana hapo ndipo mieleka hii inapoachana na yako.

Anza na mavazi. Judogi, vazi la judo, inakupa ukosi mnene na mikono mipana ya kuvuta. Kijana wa karne ya 15 alivaa kizibao kilichombana mwilini, na suruali za kubana zilizofungwa kwa kamba kwenye kizibao hicho. Viatu vyake vilikuwa na soli nyembamba ya ngozi, laini, inayoteleza. Nguo kama hiyo haikupi konzi ya kitambaa cha kushika, ndiyo maana kwenye picha watu wanashikana mikono, kwapa, kiuno, shingo, goti. Sasa ruka hadi Petter wa Amsterdam, mwaka 1674, kitabu kilichotoka baada ya kifo chake kikiwa na picha za shaba za Romeyn de Hooghe. Mavazi yamebadilika, wanaume wana makoti, na mambo yanaanza kwa mtu kukukwida kifuani. Baadaye anakamata nywele, na mwisho kuna kisu. Ni mwili ule ule, ila nguo na mtaa vimeleta mieleka nyingine.

Mwisho wa pambano nao ni muhimu. Fiore anatenganisha waziwazi mieleka ya kujifurahisha na mieleka ya hasira, yaani ya kupigania uhai, ambayo ndani yake hila na ukatili wowote vinaruhusiwa. Mieleka yake inaingia moja kwa moja kwenye jambia, kisha upanga, kisha deraya, kisha farasi, na ukifuatilia utaona mkono unaotekwa kwenye mieleka ndio unaotekwa ukiwa umeshika jambia. Mtu aliyevaa deraya akianguka chali hajashindwa bado; ameshindwa jambia likipata upenyo kwapani au usoni. Kwa hiyo mtupo wa deraya haumtafuti mwamuzi wa kusema "ippon", yaani pointi kamili inayomaliza pambano la judo. Unamtafutia aliyesimama nafasi ya kumkalia aliyelala.

Auerswald yuko upande mwingine, na ni yeye ninayempenda kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1462 na alikuwa mzee alipoamua kuyaacha aliyoyajua kwenye maandishi, akamtunukia mtawala wa Saxony. Kilichapwa na Hans Lufft, mchapishaji yule yule wa Biblia ya Luther ya mwaka 1534, na picha zake zilichongwa kwenye mbao katika karakana ya mchoraji Cranach. Katika picha hizo mzee mwenye ndevu anambwaga kijana, ukurasa baada ya ukurasa, kwa utulivu wa mtu anayejua hasa mguu wake uko wapi. Mbinu zake nyingi ni za mchezo, na zile zinazoumiza anaonya kwamba hazifai kati ya marafiki. Mwishoni ameweka hata mchezo wa kishimo: mmoja anasimama mguu wake ukiwa ndani ya shimo dogo, mwenzake anamjia kwa mguu mmoja. Ukisoma hapo unakumbuka kwamba hawa walikuwa watu wanaocheza, wenye kanuni zao na vicheko vyao.

Ott hana picha katika miswada mingi, lakini ana kitu ambacho wengine hawana: anafikiri kwa sauti. Mieleka, anasema, ina mambo matatu, nayo ni ujuzi, wepesi, na matumizi sahihi ya nguvu. Kisha anagawa mapambano. Dhidi ya aliye dhaifu kuliko wewe, tangulia. Dhidi ya wa kadiri yako, ingia naye pamoja. Dhidi ya mwenye nguvu zaidi, ngoja aanze, uje nyuma yake. Ukitangulia, tegemea wepesi. Mkiingia pamoja, tegemea mizani ya mwili. Ukija nyuma, angalia mkunjo wa goti. Goti la nani? Hasemi. Wapo wanaolisoma kuwa goti lako, yaani chuchumaa, shuka chini ya nguvu zake. Mimi nalisoma kuwa goti lake, kwa sababu mtu mwenye nguvu anayekuja mbele anakuletea mguu wenyewe, na mbinu za Ott zina mikono mingi inayokwenda nyuma ya goti la mpinzani. Hiyo ni hukumu yangu, nami siiweki kwenye kapu moja na yale aliyoyaandika.

Kuna mtego mwingine ambao mwalimu wa judo hana sababu ya kuujua, kwa hiyo nautaja. Ukikuta mbinu moja kwenye vitabu viwili, unafurahi ukadhani una mashahidi wawili. Mara nyingi una mmoja tu. Albrecht Dürer, mchoraji yule mkubwa, alichora michoro mingi ya mieleka mwaka 1512, na sehemu kubwa ameitoa kwenye mswada wa zamani zaidi ambao leo uko Augsburg. Paulus Hector Mair, mtunza hazina wa mji huo huo wa Augsburg, alikusanya na kunakilisha vitabu vya mapigano kwa gharama kubwa. Mwaka 1579 alinyongwa kwa kuiba fedha za mji. Bila yeye tungepoteza mengi, lakini kinachokubaliana na Mair pengine kinakubaliana na kile ambacho Mair alikuwa nacho mezani.

Pengine utauliza kuhusu mieleka ya jadi iliyo hai hadi leo huko Ulaya: Schwingen ya Uswisi, gouren ya Bretagne, glíma ya Iceland, Ranggeln ya Austria, na ile ya koti ya Cornwall. Inasaidia sana. Kijana wa Uswisi anayeshika suruali ngumu ya mwenzake juu ya maranda ya mbao atakufundisha mambo ya uzito na ardhi ambayo hakuna kitabu kitakachokueleza. Ila nayo imebadilika njiani. Sherehe kubwa ya Unspunnen iliyoipa Schwingen heshima ya kitaifa ilifanyika mwaka 1805, na gouren ilipata shirikisho lake mwaka 1930. Kwa hiyo nawachukulia kama mashahidi wa jinsi koti, ukanda na nyasi vinavyouelekeza mwili. Siwachukulii kama wajukuu wa Ott wanaotunza siri yake, kwa sababu hakuna mnyororo wa walimu unaoweza kuonyeshwa kutoka kwake hadi kwao.

Sasa vijana wako. Anza na Auerswald. Kitabu chake kimepigwa picha na kinapatikana bure mtandaoni, picha zake ni safi, kila mbinu imesimama peke yake, na nyingi zinaweza kuchezwa bila mtu kwenda hospitali. Waambie wavue judogi na wavae fulana za kubana. Piga marufuku kushika nguo kwa miezi ya mwanzo. Utaona walivyozoea ukosi: mikono itautafuta ikaukosa, na hapo ndipo watakapoanza kuelewa kwa nini watu wale walishika kwapa. Mkipata uwanja wa nyasi na viatu vyepesi, chezeni hapo angalau mara moja moja, kwa sababu hatua nyingi zinazopendeza kwenye mkeka hufa kwenye nyasi zenye umande. Pambano liishe mtu akianguka. Kazi ya chini, yaani kupambana mkiwa mmelala, iacheni kwanza.

Chagua mbinu tatu au nne tu. Kila moja soma maneno, tazama picha, itende polepole, kisha mwache mpinzani akatae kwelikweli. Weka daftari lenye safu mbili, moja ya mlichokikuta na moja ya mlichokiazima, na mlijaze siku ile ile kabla hamjasahau mguu upi ulikuwa wenu na upi wa kitabu. Kama una kijana ambaye hajawahi kucheza judo kabisa, mfundishe kuanguka vizuri, halafu mtumie kuwa mjaribiwa. Mwili wake hauna cha kuzibia pengo, kwa hiyo mbinu ikimwangusha yeye na ikawaangusha wenzake waliokomaa, una jambo la kuandika. Ikimwangusha yeye tu, bado. Na ikiwaangusha wale wa judo tu, chunguza kama hukuwaomba wenyewe waanguke kwa namna waliyoizoea.

Fiore mje kwake baadaye, na mkimfikia kuweni waangalifu na kiwiko. Kwenye judo mtu aliyebanwa mkono akiwa amelala ana muda wa kupiga kofi la kujisalimisha. Katika mchezo ule wa kwanza mtu yuko wima na uzito wa miili miwili unakwenda chini kwa pamoja. Hakuna nafasi ya kofi. Ufanyeni kwa mwendo wa kutembea, anayezungusha aachie mshiko kiwiko kikishanyooka, na anayezungushwa ndiye aamue kasi. Mkitaka kuujaribu dhidi ya mtu anayekataa, apinge hatua za mwanzo tu, yaani kushikwa na kugeuzwa, na mara kiwiko kikinyooka wote wawili wasimame hapo hapo.